Seti ya havani: kunda zuri, samagri hafifu, na maneno matatu yaliyokatwa

Ukifungua sanduku hili unakuta kunda, yaani chombo cha kuwashia moto wa ibada, la shaba nyekundu, kigoda chake cha chuma, vijiko viwili vya kumiminia samli, kikombe na kijiko kidogo cha maji ya utakaso, pakiti ya gramu 500 ya samagri, mchanganyiko mkavu wa kutia motoni, kuni kilo moja, kafuri, kopo la samli la gramu 200, na kijitabu chenye mantra kwa maandishi ya Kidevanagari na ya Kilatini. Nyuma ya jalada kuna msimbo wa kuskani kwa simu, unaofungua rekodi ya mantra hizo hizo. Seti za aina hii hutengenezwa India na huuzwa popote Wahindu walipo, Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam zikiwemo.

Havani ni sadaka ya moto ya nyumbani. Utaratibu uliomo kwenye kijitabu ni wa Arya Samaj, jumuiya ya mageuzi iliyoanzishwa na Swami Dayananda Saraswati mjini Bombay mwaka 1875, ambayo Nairobi iliingia mwaka 1903. Mizizi yake ni ya kale zaidi sana. Neno la kwanza kabisa la Rigveda, mkusanyiko wa tenzi 1,028, ni Agni, yaani moto, na anayesifiwa hapo ni moto ulio kuhani. Kwa hiyo anayenunua sanduku hili hanunui pambo la sebuleni. Ananunua vyombo vya kazi ambayo Veda, maandiko ya kale kabisa ya Wahindu, zimeijadili kwa undani kuliko karibu jambo jingine lolote.

Sisi tunaipima seti kwa kipimo cha wenyewe. Wanazuoni wa Mimamsa, shule ya falsafa iliyojengwa juu ya sutra za Jaimini, wanasema yajna, yaani sadaka, ina nguzo tatu: dravya, kile kinachotolewa; devata, yule anayepewa; na tyaga, kule kukiachia. Ikikosekana moja, kilichofanyika ni kuchoma samli tu. Sanduku hili linafaulu nusunusu katika nguzo ya kwanza, vizuri katika ya pili, na katika ya tatu limeanguka vibaya, tena kwa sababu ya kubana karatasi.

Tuanze na kunda, maana ndilo kitu bora sandukuni. Ni mraba kwa juu na linapungua kwa ngazi tatu kuelekea chini, kama piramidi iliyopinduliwa. Dayananda aliagiza kunda la kila siku liwe na angula 12 au 16 kila upande wa juu, kina kiwe hicho hicho, na kitako kiwe robo yake, angula 3 au 4. Angula ni upana wa kidole, karibu sentimita 1.9. Kunda la angula 12 basi huwa sentimita 23 juu, 23 kwenda chini, na karibu 6 kitakoni. Hili letu lina 23 juu na 6 chini kama inavyotakiwa, lakini kina chake ni sentimita 15 tu. Mtengenezaji amebana shaba. Kutazama kwa macho halina kasoro, ila ukiwasha unaijua tofauti: majivu na makaa hujaza sehemu nyembamba ya chini upesi, moto unapanda, na kufikia nusu ya ibada ndimi zinacheza juu ya ukingo badala ya kukaa ndani. Upepo mdogo wa feni unatosha kuzilaza upande wa aliyeketi. Anayelitumia kunda fupi namna hii azime feni, akunje mikono ya nguo, na asivae nailoni.

Kuhusu mraba wenyewe, kuna njia ya kuukagua iliyo ya kale kama ibada. Sulbasutra ya Baudhayana, kitabu cha kamba za kupimia madhabahu, inaeleza karne kadhaa kabla ya Kristo kwamba kamba iliyovutwa pembe hadi pembe ya mraba huzaa mraba wa eneo maradufu. Inatoa pia hesabu ya urefu wa kamba hiyo: moja, ongeza theluthi, ongeza robo ya theluthi hiyo, kisha punguza sehemu moja ya 34 ya hiyo robo. Ukipiga hesabu unapata 1.41421, sahihi hadi desimali ya tano. Chukua uzi, pima kunda lako kutoka pembe moja hadi ile inayoitazama. Kwa upande wa sentimita 23 lazima upate 32.5, na ulalo wa pili usitofautiane nao. Hili lilipita: tofauti haikufika milimita mbili. Tumeshaona makunda ya bei ya juu zaidi yaliyopinda kama sufuria iliyoangushwa.

Pembe zimekunjwa na kupigwa ribiti, hazikulehemiwa. Hilo ni jambo kubwa. Bati la kulehemia huyeyuka kwenye nyuzi 232, ilhali moto wa kuni hupita nyuzi 600 bila shida. Kunda lililolehemiwa huanza kuvuja samli kwenye pembe baada ya mara chache, na samli inayovuja chini ya kunda lenye moto ndiyo inayochoma zulia. Kigoda ni kifupi mno, miguu yake ni sentimita 5, na joto la kitako litapasua vigae. Weka matofali mawili au sinia la mchanga chini yake.

Kuni za sandukuni ni za mwembe, nazo zinakubalika: mwembe uko katika orodha ya miti ya samidha, yaani kuni za sadaka, pamoja na palasha, shami, mpipali, mbanyani na bilva. Mkazi wa pwani yetu hana haja ya kuziagiza ng'ambo, kwani matawi makavu ya mwembe yamejaa mitaani. Kasoro ni urefu. Kila kipande kina sentimita 20. Katika kunda linalopungua kutoka 23 hadi 6, kijiti cha sentimita 20 kilicholazwa hukwama sentimita tatu hivi chini ya mdomo, na chini yake panabaki shimo tupu. Moto unaning'inia hewani, unapoa, unatoa moshi. Kipimo cha samidha ni angula 8, sawa na sentimita 15, nacho hukaa katikati ya kunda vizuri. Kata kuni zako kwa makundi: vijiti vya sentimita 8 au 9, vyembamba kama penseli, viwili hivi na viwili juu yake kwa kukatana, viwe msingi, juu yake vya 12, kisha vya 15. Acha tundu katikati la kupitisha kafuri. Vipande vyenye matundu ya wadudu vitupe. Hiyo si nongwa ya usafi peke yake: kuni iliyoliwa huwaka ghafla na kuanguka, na rundo zima linabomoka katikati ya mantra.

Kafuri isituchukulie muda. Ni ya viwandani, inatoa masizi meusi, lakini inawasha. Ihifadhi mbali na watoto, kwani vipande vyake vinafanana na peremende na kikimezwa kidogo tu mtoto anaweza kupata degedege.

Samli ya kopo ni ya ng'ombe kweli. Ina chembechembe, rangi ya manjano, na ukipaka kidole inayeyuka bila kuacha utando wa nta kama yanavyofanya mafuta ya mgando. Shida ni uchache wake. Dayananda aliweka kiwango cha chini cha masha 6 kwa kila ahuti, yaani kila mmimino, karibu gramu 6, na ahuti 16 kwa kila mtu. Hiyo ni gramu 96, kabla hujahesabu samli ya kuchovya vijiti vitatu vya mwanzo. Kopo la gramu 200 ni la vikao viwili. Hesabu hiyo inakuwa mbaya zaidi kwa sababu ya vijiko: kijiko kilichomo kinabeba mililita 15, mara mbili na zaidi ya kipimo. Anayekijaza humaliza kopo siku ya kwanza, na mbaya zaidi, anamwaga samli nyingi kwa mkupuo kiasi kwamba moto unatoa moshi mweusi kisha unaruka. Weka alama ndani ya kijiko kwa msumari pale inapofika mililita 6 au 7, au nunua kijiko cha mti. Mpini wa hiki ni shaba tupu hadi mwisho, na kufikia ahuti ya kumi unaunguza vidole. Uzungushie mti au kitambaa kikavu cha pamba.

Jambo jingine ambalo kijitabu hakikulitaja: samli lazima itiririke. Dar es Salaam au Mombasa hilo si tatizo. Nairobi mwezi wa Julai itaganda kijikoni kati ya neno na neno, nawe utakuwa unakung'uta kijiko juu ya moto kama anayepakua ugali. Weka kikombe cha samli ndani ya bakuli la maji ya moto, pembeni mwa kunda.

Samagri sasa, na hapa ndipo tunapolalamika kwa dhati. Samagri ni mchanganyiko mkavu unaotolewa pamoja na samli, na unatakiwa kuwa na vitu vya namna nne: vya kunukia kama udi, sandali, zafarani, iliki, kungumanga na basbasi, vya kulisha kama mchele, ngano na matunda, vitamu kama sukari, asali, tende na zabibu kavu, na vya dawa, hasa giloi. Pakiti hii ni unga wa rangi moja ya kahawia. Ukiumwaga juu ya karatasi nyeupe na kuupekua kwa kijiti huoni punje ya mchele, huoni zabibu, huoni hata gamba la iliki. Sehemu kubwa ni vumbi la mbao lililonyunyiziwa manukato. Siku ya kwanza linanukia chumba kizima. Likiachwa wazi usiku kucha, asubuhi linanukia karakana ya seremala.

Huenda mtu akasema, si vyote vinaungua tu? Jibu limo mwanzoni mwa Katha Upanishadi, moja ya maandiko ya falsafa yanayohitimisha Veda, na ndilo linaloifungua hadithi yote. Vajashravasa anatoa sadaka ya mali yake yote, na mwanawe Nachiketa anawatazama ng'ombe wanaopelekwa: wameshakunywa maji yao ya mwisho, wameshakula nyasi zao, wameshakamuliwa maziwa yao, hawana nguvu ya kuzaa. Kijana anaona baba anatoa kile ambacho hakimgharimu kitu. Ndipo anapouliza mara tatu, "Baba, na mimi utanitoa kwa nani?" hadi baba kwa hasira anasema, "Kwa Mauti nakutoa." Mafundisho yote ya Upanishadi ile juu ya nafsi na kifo yanaanzia kwenye sadaka chakavu iliyoonwa na jicho la mtoto. Nasi tuone ajabu gani, basi, kwamba falsafa hii haikubali kutenganishwa na ubora wa mchele uliomo kwenye pakiti? Na huko kwa Yama, mungu wa mauti, Nachiketa anapotoa ombi la pili kati ya matatu aliyoahidiwa, Yama hamwambii aache moto. Anamfundisha madhabahu: matofali ya namna gani, mangapi, na yapangweje.

Samagri yako ichanganye mwenyewe. Vingi viko Darajani, Kariakoo au soko lolote la viungo Mombasa. Kwa gramu 100: gramu 30 za mchele na ngano iliyopondwa, 30 za zabibu kavu na tende zilizokatwa ndogo na kuanikwa siku mbili, 15 za sukari guru, 25 zilizobaki ziwe sandali, udi, iliki, kungumanga na basbasi kadiri mfuko unavyoruhusu, na giloi ukiipata kwenye duka la dawa za Kihindi. Tende mbichi usiweke, zinaganda na kuzima moto. Mimina vijiko viwili vya chai vya samli na usugue kwa mkono mpaka iwe na unyevu lakini isishikane tonge. Itolewe kwa kidole gumba, cha kati na cha pete, kiganja kikiwa juu. Kibano kimoja. Sio konzi.

Mtu aliyezoea chetezo hukosea hapa mara moja. Kwenye chetezo kinachotakiwa ni makaa na moshi wa ubani, na moto ukiwaka unapulizwa uzimike. Kunda linataka kinyume chake: ndimi. Mundaka Upanishadi inasema wazi kwamba ahuti itiwe pale ulimi wa moto unapocheza katika moto uliokolea, katikati ya sehemu mbili za samli, na inazitaja ndimi hizo saba kwa majina, Kali, Karali, Manojava na wenzake. Chandogya, Upanishadi nyingine, nayo inasema kwamba anayetoa agnihotra, sadaka ya moto ya kila siku, bila kuijua maana yake ni kama mtu aliyeondoa makaa akamimina sadaka juu ya majivu. Mfano huo umetoka kwa watu walioona majivu kwa macho yao. Ukijaza samagri, moto unafunikwa, unafuka, na kinachofuata chote kinaangukia majivu, uwe unajua maana au hujui.

Hiyo "katikati ya sehemu mbili za samli" inatuleta kwenye kijitabu. Mfuatano wake ni sahihi. Unaketi magharibi ya kunda ukitazama mashariki. Unakunywa maji mara tatu kwa mantra tatu, kila mara kiasi cha kulowesha koo. Unagusa viungo kwa vidole vilivyolowa: mdomo, pua, macho, masikio, mikono, mapaja, kisha mwili wote. Unawasha kafuri kwenye taa ya samli na kuiingiza katika tundu la kuni. Vijiti vitatu vya angula 8 vilivyochovywa samli vinaingia kwa mantra nne: cha kwanza kwa moja, cha pili kwa mbili, cha tatu kwa ya mwisho. Ahuti tano za samli kwa mantra moja inayorudiwa. Maji yanamwagwa kuzunguka kunda: mashariki, magharibi, kaskazini, kisha pande zote. Halafu ahuti nne: kwa Agni, kwa Soma, kwa Prajapati, kwa Indra.

Hapo kijitabu kimeacha kusema ziangukie wapi. Ya Agni ni upande wa kaskazini wa kunda, ya Soma upande wa kusini, mbili zilizobaki ni za katikati. Hizo za kaskazini na kusini ndizo sehemu mbili ambazo Mundaka inazitaja, na zote zinazofuata huangukia kati yao. Sentensi moja ya maelekezo imekosekana, na msomaji akifika kwenye aya ile ya Upanishadi ataiona kama fumbo, kumbe ni maagizo ya mahali pa kumiminia kijiko.

Kasoro kubwa ni nyingine. Ahuti nyingi katika utaratibu huu zina sehemu mbili za maneno. Ya kwanza ni jina la mpokeaji na svaha, neno la kukabidhi sadaka, na samli inadondoka pale pale kwenye svaha, si kabla. Ya pili ni *idam agnaye, idam na mama*: hiki ni cha Agni, hiki si changu. Kijitabu kimebakiza sehemu ya kwanza na kuifuta ya pili, mantra baada ya mantra. Rekodi ya simu imefanya vivyo hivyo. Bila shaka mpangaji wa kurasa aliona maneno yale yanajirudia, akayahesabu kuwa kiitikio.

Yale ndiyo tyaga. Ndiyo nguzo ya tatu nzima. Samli kuanguka motoni hakujawa kuiachia, maana mtu anaweza kumwaga kitu na bado akakihesabu chake: nimemtolea, sasa ananidai nini, sasa nitapata nini. *Idam na mama* inakata huo uzi, tena inaukata ahuti baada ya ahuti, kwa sababu unajifunga upya kila mara. Baadhi ya familia hushikilia kijiko juu ya bakuli la maji na kuacha tone lililosalia lidondoke wakati wa kutamka *na mama*. Ukikaa karibu unalisikia likigonga maji. Tone lile halimpendezi yeyote wala halichomi chochote. Ni mkono unaofundishwa kutobakiza.

Bhagavad Gita, utenzi wa mafundisho ya Krishna, ilipokuja kusema kuhusu kutenda bila kung'ang'ania matunda ya tendo, ilikuwa inayaongelesha masikio yaliyokwisha kusikia maneno haya mbele ya moto. Na sura yake ya nne, aya ya 24, inayosema kumiminia ni Brahman, yaani uhalisia mkuu ulio nyuma ya vyote, kinachomiminwa ni Brahman, moto ni Brahman na anayemimina ni Brahman, inasomwa leo na wengi kabla ya kula. Mtu aliyefundishwa havani kwa kijitabu hiki ataisoma kama shairi zuri la mafumbo. Hatajua kwamba sarufi yake ni ya kijiko na samli.

Tunapendekeza kitu rahisi: chukua kalamu uandike *idam na mama* mwenyewe baada ya kila svaha iliyokatiwa maneno hayo, ukitanguliza jina la mpokeaji kwa umbo lake: *agnaye*, *somaya*, *prajapataye*, *indraya*. Ni kazi ya robo saa.

Kuhusu rekodi, sauti ni safi lakini msomaji anakimbia, na mantra za Veda zimenyooshwa kama wimbo wa kawaida. Kisanskriti cha Veda kina viwango vya sauti: udatta iliyopanda, anudatta iliyoshuka, svarita inayotelemka. Katika nakala za Rigveda mstari mdogo huwekwa chini ya anudatta na mwingine wima juu ya svarita, na udatta haina alama. Kijitabu hakina hata mstari mmoja. Mswahili ataelewa kwa nini ni hasara akikumbuka "barabara": tamka kwa mkazo wa silabi moja ni njia ya magari, tamka kwa mkazo wa nyingine ni "sawasawa". Kwa Veda ni kupanda na kushuka kwa sauti badala ya mkazo, lakini madhara ni yale yale. Vitabu vya Brahmana, vinavyoeleza ibada za Veda, vinasimulia jinsi Tvashtri, fundi wa miungu, alivyotaka kumzalisha motoni muuaji wa Indra, akaita *indrashatru*. Sauti ikipanda mwishoni maana ni "muuaji wa Indra". Ikipanda mwanzoni ni "ambaye muuaji wake ni Indra". Alikosea, na Vritra aliyezaliwa akauawa na Indra. Tafuta mwalimu, au walau rekodi ya msomaji anayekwenda polepole.

Kijitabu kina pia kurasa mbili zenye kichwa "Sayansi ya Havani", zinazodai kwamba moshi wake husafisha hewa na kuua vijidudu. Afadhali kurasa hizo zingechukuliwa na *idam na mama*. Moshi wa kuni katika chumba kilichofungwa unadhuru mapafu, ya mwenye pumu kuliko wote, na hakuna mantra inayobadilisha hilo. Fungua madirisha mawili yanayotazamana, au fanya barazani. Tena maandiko hayakuiegemeza sadaka kwenye usafi wa hewa. Yalijenga hoja nzito kuliko hiyo, na msomaji alistahili kuonjeshwa.

Angalau angeonjeshwa Chandogya, sura ya tano, pale ibada inapohamia mwilini. Kifua ni madhabahu, nywele za mwili ni majani ya kutandika, moyo ni moto wa garhapatya, ule wa mwenye nyumba, kinywa ni moto wa ahavaniya, ule wa kumiminiwa sadaka. Chakula kinachokuja kwanza ndicho ahuti, na matonge matano ya mwanzo yanatolewa kwa pumzi tano: prana, vyana, apana, samana, udana, kila moja na svaha yake. Prana ikishiba jicho linashiba, jicho likishiba jua linashiba, jua likishiba mbingu inashiba. Wengi husema Upanishadi ziliitupa ibada na kubaki na fikra, na ni kweli Mundaka inaziita sadaka mashua mbovu zisizomvusha mtu. Lakini tazama Chandogya inafanya nini: haimpi mtu wazo badala ya moto, inampa tonge na kumwambia namna ya kulila. Umakini ule ule wa kijiko umehamia mkononi mwa mlaji. Aliyemimina ahuti kumi na sita kwa uangalifu ataona mara moja kinachoombwa.

Sifa moja tunaipa kijitabu bila kusita: kimebakiza ahuti ya svishtakrit, inayotolewa kwa samli au wali karibu na mwisho. Maneno yake, yaliyomo katika Ashvalayana Grihyasutra, yanasema: lolote nililozidisha katika kazi hii, au lolote nililopunguza hapa, Agni anayelijua alifanye liwe limetolewa vema. Katika sadaka kubwa za kale palikuwa na kuhani mzima, brahma, aliyeketi kimya upande wa kusini akisikiliza wenzake watatu, kazi yake ikiwa kuyanasa makosa na kuyarekebisha. Nyumbani hayupo. Yupo kijiko hiki kimoja. Anayejifunza asikiruke, hasa siku ambayo kuni zimeanguka, samli imeganda, na mantra ya tatu imesomwa kabla ya ya pili.

Kwa anayeuliza kama anunue: kunda likiuzwa peke yake, chukua, maana la mraba halisi lisilolehemiwa si rahisi kulipata. Kwa sanduku zima, lipa ikiwa uko mbali na soko la viungo na huna mwembe jirani. Wengine wachukue kunda na kikombe, samli wanunue kwa mfugaji, kuni wakate wenyewe, na mantra wazipate kwa mtu anayezijua.

Baada ya *sarvam vai purnam svaha* ya tatu, usimwage maji. Samli iliyo moto ikikutana na maji hurusha ndimi hadi usoni. Acha moto ufe wenyewe, funika kunda kwa wavu usiku, na majivu yachekeche kesho yake, yakishapoa kabisa, uyapeleke kwenye shina la mmea.